Eka Moja Ploti Nane, Sasa Barabara Itapita Wapi?

Wasee, leo tupige hesabu kidogo. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Kama shamba ni mraba, kila upande ni kama futi 208. Sasa weka ploti nane za 50 kwa 100, nne huku, nne kule. Futi 200 zimeenda. Barabara ya katikati imebaki futi 8 na kitu. Boda itapita. Probox itapita, lakini zikikutana mbili lazima moja irudi rivasi. Lori la maji au gari la zimamoto? Sahau.

Na bado kila siku naona matangazo ya Kitengela, Isinya na sasa hadi Kimana: eka imekatwa nane, 50 kwa 100 kamili, barabara pana. Haiwezekani! Ama ploti imepunguzwa, ama hiyo barabara ni uchochoro.

Ndiyo maana nasema tuache kuuliza tu "hati miliki iko tayari?" Swali la kwanza liwe, "Ramani ya mgawanyo iliyopitishwa na kaunti iko wapi?"

Chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, kugawa ardhi kunahitaji kibali, kama vile kujenga. Lazima uombe kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Ukianza bila kibali, faini inafika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Na kama ni ardhi ya kilimo, kuna pia idhini ya bodi ya ardhi. Mpango huo wa awali ndio unaonyesha mipaka, ukubwa wa kila ploti, barabara inaungana wapi na ile kubwa, maji ya mvua yanaelekea wapi. Kwenye karatasi, kusogeza barabara ni kazi ya penseli. Watu wakishajenga, ni kazi ya tingatinga na kesi kortini.

Mwenye ametembea Kitengela wakati wa mvua anajua naongea nini. Ule udongo mweusi unashika gambuti hadi unaiacha nyuma. Mitaa mingine maji hayana pa kwenda kwa sababu kila mtu alijenga ukuta wake na hakuna aliyeacha nafasi ya mtaro.

Kimana bado ina nafasi ya kuepuka hiyo. Ni mji wa soko, nyanya na vitunguu vinatoka hapo kila siku. Pia ni njia. Ndovu wa Amboseli wanapitia upande huo kuelekea Chyulu na Tsavo, na ng'ombe nao wanahitaji kufika kwa maji na malisho. Hifadhi ya Kimana, ambayo jamii yenyewe ilianzisha 1996, iko kwenye njia hiyo. Ranchi ya pamoja ilishagawanywa kwa wanachama, kwa hivyo leo kila mwenye shamba anaweza kukata na kuuza. Ukiweka ua mahali ndovu amezoea kupita, ndovu hatasoma hati yako. Ataingia, na anayeumia ni mkulima mdogo, au ndovu mwenyewe.

Najua mtasema, "Wewe unaongea tu, mzee ana watoto wa kupeleka shule, atalipa mpangaji na mpimaji na nini?" Ni kweli, gharama ipo, na kaunti zinajua kuzungusha mtu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Na mzee akiuza bila mpango, bei nzuri anaila broka. Shamba lenye barabara halisi linauzika vizuri zaidi kuliko vichochoro nane.

Kwa kaunti ya Kajiado ombi langu ni moja: bandikeni hizo ramani mahali kila mtu anaweza kuziona, kwa simu na kwa ofisi ya wadi. Na wewe mwenye chama chenu kinachanga elfu mbili mbili kila mwezi, kabla hamjatuma deposito, bebeni futi ya kupimia. Pimeni barabara kwanza, halafu mlinganishe na ramani yenye muhuri wa kaunti. Broka akisema ramani "inakuja", nanyi mwambieni pesa inakuja.