Kikombe Kichungu Si cha Kupigiwa Picha



Kila mara mapigano yanapotulia, magari huja. Hushuka watu wenye nia njema wakiwa na maturubai, mabango na spika, na haupiti mwezi kabla ya kuitishwa mkutano wa hadhara wa amani. Wazee wa pande mbili huvishwa ngozi, hukabidhiwa kibuyu, hushikana mikono mbele ya wapiga picha. Kisha magari huondoka. Juma linalofuata, mama aliyechomewa nyumba hukutana sokoni na kijana aliyeichoma, na hakuna kati yao mwenye neno la kumwambia mwenzake.

Nayasema haya kwa kuwa niliyaona. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, yaliyoua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya na kuwafukuza makwao wapatao 600,000, mimi nilikuwa mseminari niliyetumwa Bonde la Ufa kugawa unga na mablanketi. Ngoma zilichezwa, na mbuzi walichinjwa pia. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama na kutamka kwamba yeye ndiye aliyefanya.

Siku hizi imekuwa desturi kusema kwamba ujenzi wa jamii baada ya vita hauna budi kuzingatia mila na utambulisho wa watu wa mahali. Tume yetu inaafiki. Lakini yafaa tujiulize ni mila ipi tunayoitaka: mila yenyewe, au vazi lake tu? Ili tupate mwanga, tuwatazame jirani zetu Waacholi wa kaskazini ya Uganda, ambao mateso yao yalikuwa marefu kuliko yetu.

Kwa takriban miaka ishirini, hadi 2006, nchi yao ilisagwa kati ya waasi wa Joseph Kony na majeshi ya serikali. Maelfu ya watoto walitekwa na kulazimishwa kuua, wengine kuwaua jamaa zao wenyewe. Hali ilipofikia ubaya wake wa mwisho, watu wapatao milioni 1.8 wa kaskazini walikuwa wakiishi kambini. Na kambi haikuwanyima mashamba tu. Waacholi walikuwa na wang-oo, moto wa jioni uani, ambapo wazee walisimulia hadithi, wakawafunza vijana nasaba, miiko na namna ya kumaliza ugomvi. Kambini, vibanda vya nyasi vilibanana na usiku ulikuwa wa hofu. Moto huo ulizimika. Kizazi kizima kilikua kikijua foleni ya mgawo wa chakula kuliko jina la babu wa babu yake. Anayetaka kuijenga upya jamii ya namna hiyo kwa saruji na mabati peke yake hajaelewa kilichobomolewa.

Waacholi wanayo ibada ya upatanisho iitwayo mato oput, maana yake kunywa oput, mti wenye mizizi michungu. Mtu akimwua mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili hazili pamoja wala kuoana mpaka shauri liishe. Wazee huenda na kurudi kati ya pande hizo, aghalabu kwa miezi mingi. Muuaji hukiri. Ukoo wake hulipa fidia, zamani hata kwa kumtoa binti, baadaye kwa ng'ombe au fedha, ili jamaa za marehemu waweze kuoa na uzao uendelee. Baada ya hayo yote ndipo watu wa pande mbili huinamia kibuyu kimoja na kunywa uchungu ule pamoja.

Angalieni vema mpangilio huo, ndugu zangu. Kibuyu huja mwisho. Hutanguliwa na ukweli na malipo, na mzigo wa malipo huubeba ukoo mzima pamoja na mkosaji. Sisi kwenye mikutano yetu huanza na kibuyu. Zakayo naye hakuishia kumkaribisha Bwana mezani; alisimama na kutaja hesabu ya atakachorudisha.

Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliifahamu thamani ya urithi huo. Hawakuinena amani wakiwa mbali. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbilia mjini kila jioni kwa kuogopa kutekwa. Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Anglikana, ambaye mkewe aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997, ndiye aliyekuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa mato oput. Mtu wa namna hiyo akisema kusamehe kunawezekana, wengine tunafunga vinywa na kusikiliza. Makubaliano yaliyotiwa saini Juba mwezi Juni 2007 yaliitaja ibada hiyo pamoja na mila za makabila mengine ya kaskazini, ijapokuwa Kony mwenyewe hakutia saini mkataba wa mwisho mwaka 2008.

Hata hivyo tusiipambe mila kupita kiasi. Mato oput ilihusu muuaji anayejulikana na koo zinazofahamiana. Itawafaaje Walango waliochinjwa Barlonyo mwezi Februari 2004, au mtoto aliyelazimishwa kuua katika kijiji asichokijua hata jina? Tena kuna jambo linaloniumiza zaidi. Wasichana waliotekwa walirudi na watoto waliowazaa porini. Kwa desturi, mtoto hupata ukoo na ardhi kwa upande wa baba. Watoto hao wana baba gani wa kumtaja? Wengi wao na mama zao walikataliwa, na waliowakataa waliitumia mila ile ile. Utambulisho unaomfungia mlango mtoto asiye na kosa wapaswa kuhukumiwa na Injili, hata kama wazee wote wanakubaliana.

Mwalimu mmoja wa dini aliniuliza: Padre, je, kuinamia kibuyu cha wazee si kurudi kwenye ushirikina? Swali lake ni la haki. Palipo na tambiko linalochukua nafasi ya Kristo, hapo hatuingii. Lakini Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika waraka wake Africae Munus wa mwaka 2011, uliotokana na Sinodi ya pili ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, alitaka ibada za asili za upatanisho zichunguzwe kwa makini, mema yake na mipaka yake, akionya kwamba haziwezi kushika nafasi ya sakramenti. Hiyo ni kazi ya kuchunguza, na haifanywi na wenye hofu wala na wenye haraka. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 159, nayo inaruhusu njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia zisiandae sherehe yoyote ya upatanisho mwaka huu kabla ya kufanya yafuatayo. Kila jumuiya iandike nani alipoteza nini: mtu, shamba, mifugo, nyumba. Orodha hiyo isomwe mbele ya wazee wa pande zote mbili, na wanawake wawemo kama wasemaji, maana aghalabu wao ndio wanaojua ng'ombe wa nani yuko katika boma la nani. Vijana waketi karibu wasikie. Wazee wakisha kusema ni kipi kinaweza kurudishwa, na lini, watuletee habari, nasi tutatafuta siku ya Misa na ya kibuyu.