Giaboksi Haiponi kwa Kichupa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye benchi la duka moja la spea hapa Nkuhungu, Dodoma, nikisubiri mkanda wa feni. Akaingia kijana na Toyota IST yake inayonguruma kama inapanda mlima wa Saranda na magunia ya vitunguu, kumbe iko tambarare. Ukiweka D, gari linafikiri kwanza. Muuzaji hata hakutoka nje kulitazama. Alishusha kichupa cha dawa ya giaboksi toka shelfuni: "Mwaga hii, mdogo wangu. Giaboksi inarudi mpya."

Inarudi mpya! Jamani.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna plati za klachi zilizobandikwa tabaka jembamba, mfano wa karatasi ngumu. Tabaka hilo ndilo linaloshika. Likisagika, oili nyekundu huwa nyeusi na kunuka kuungua, kwa kuwa plati zenyewe zimo humo, zimekuwa vumbi. Sasa kichupa kitaliokota vumbi hilo na kulibandika upya? Mama zetu wa Kigogo, jiwe la kusagia uwele likilainika, huligongagonga upya. Sijasikia aliyelimwagia maji akangoja makali yarudi. Tairi kipara hulipaki mafuta. Kilicholika kimelika.

"Mbona gari ya shemeji yangu ilipona?" Ilipona au iliuzwa? Magari ya shemeji nayajua, nilinunua moja mwaka juzi. Siku ya majaribio lilikwenda Bahi na kurudi kama upepo. Siku ya 12 likagoma kupanda gia, na simu ya aliyeniuzia haikupatikana tena. Baadhi ya dawa hizi huvimbisha sili za mpira zilizochoka, presha ikapanda kidogo, gari likatembea kwa muda. Muda huo unamtosha mnunuzi kuhesabu pesa.

Na yale yaliyopona kweli? Oili ilikuwa imepungua, kichupa kikajazia. Gari lilikuwa na kiu tu! Oili ya kawaida, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu chake, ingefanya kazi ileile. Lakini kitabu nani anasoma? IST za mwanzo ni za gia nne, nyingi za toleo la pili ni CVT, na oili zao ni mbalimbali. Kwa baadhi ya mafundi wetu, oili ni oili.

Tumezoeshwa kuamini vichupa. Stendi kuna kipaza sauti kinachouza chupa moja ya kisukari, presha na nguvu za kiume. Tangu serikali ihamie Dodoma magari yamejaa, vichupa navyo vimejaa, vumbi la mtaani kwetu liko palepale. Na msidhani ni ujinga wetu peke yetu: Marekani, mwaka 1997, tume ya biashara ya serikali iliwabana wenye Slick 50, dawa ya injini iliyonadiwa kama muujiza, waache kudai yasiyo na ushahidi.

Mdogo wangu wa IST, kabla hujalipia kichupa cha pili, acha injini ipate moto, iendelee kuunguruma, gia iwe P. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Kisha nusa. Kikinuka kuungua, hela ya kichupa mpe fundi wa kufungua giaboksi, kama kianzio.