Tuwapelekee wazee bao, si sukari tu

Mhariri,

Wengi wetu tukienda kuwaamkia wazee tunabeba sukari na sabuni, tunauliza hali, kisha tunainamia simu. Napendekeza tubebe na bao. Si lazima liwe la kuchongwa. Hata mashimo 32 ya kuchimba uani yanatosha, na kete 64 za komwe.

Babu yangu jina la jirani mpya humtoka, lakini kwenye kunamua, hatua ya kwanza ya bao, hakosei. Anatia kete, anakula, anazungusha, na akifika kwenye shimo lake la nyumba anasita kidogo, ananitazama usoni. Tena mdomo haulali, maana kejeli ni nusu ya mchezo. Ukimwachia ashinde makusudi anakubaini, na atanuna mpaka magharibi.

Bibi naye asisahauliwe. Baraza za bao zimezoeleka kuwa za wanaume, sababu siioni. Wangu lakini anapenda zaidi kupiga soga jikoni: mbuzi ya nazi anaikalia mwenyewe, mimi napewa kuchuja tui, na habari za mtaa mzima nazipata kabla wali haujaiva.

Msomaji wako,
Unguja