UZEE NI WA WAWILI, JINA NI MOJA?

Ndugu wanachama,

Malipo ya kahawa yameanza kutoka, nasi tunasikia baadhi yenu mnataka kuweka akiba ya uzeeni NSSF, mfuko ambao tangu 2018 ndio unaoandikisha watu wa sekta binafsi pamoja na sisi tuliojiajiri. Ni jambo jema. Lakini tukiuliza nani ataandikishwa, jibu ni lile lile: "Baba." Hapo tunapinga.

Kazi ya kihamba inafanywa na wawili. Mama anachuma kahawa, anakata majani ya ng'ombe, anateremsha ndizi sokoni Marangu Mtoni. Tena sisi hatuna tajiri wa kutuchangia. Mwajiriwa huchangiwa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya 10. Mkulima anaitoa yote mfukoni mwake, basi asikosee pa kuiweka.

Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Miezi hiyo inahesabiwa kwa mtu, siyo kwa nyumba. Huwezi kujumlisha ya baba na ya mama. Tuseme baba ana miaka 52, mama 41. Baba akianza leo, akifika 60 atakuwa na miezi 96 tu. Atapewa mkupuo, ya kila mwezi hapati. Mama akianza leo anafikisha 180 akiwa na miaka 56. Sasa nyumba yenye uwezo wa kulipia mmoja, nani aanze? Wazee wengine walinuna tuliposema haya. Wanune, hesabu ndiyo hiyo. Wenye uwezo zaidi, kila mmoja awe na namba yake.

Halafu kuna Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana kwa jina la mume au la mke huhesabiwa kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vingine. Na kuthibitisha mahakamani siyo mchezo. Hapa kijijini tunaye mama aliyechuma kahawa miaka 30. Walipotengana na mzee, tukafungua daftari la chama: jina lake halimo hata mstari mmoja. Kosa hilo ni letu pia sisi viongozi. Fedha tulikuwa tunamkabidhi baba, tukaona ni sawa tu.

Mkutano ujao tutaleta pendekezo kwamba kila kihamba cha mume na mke kiandikwe majina mawili daftarini. Njooni wote wawili. Mama asiachwe nyumbani kulinda ng'ombe.