Kiini cha Prosesa Kianze Kutafutwa Barabarani

Toleo hili linashughulikia swali moja. Mhandisi anayeunda kontrola ya pikipiki ya umeme ameshachagua familia ya mikrokontrola za magari. Sasa achukue yenye kiini kipi cha prosesa? Waandishi wetu hawakukubaliana, na tumeyaacha mabishano yao yaonekane. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: jibu halitoki kwenye megahezi. Linatokana na hesabu ambayo chipu itapewa kufanya, na hatari itakayomkuta mtu aliyekalia tandiko. Kwa sababu hiyo tuliwaomba waandishi wote wamfikirie mtu mmoja, mwendesha bodaboda wa Ndithini, wadi ya eneobunge la Masinga huku Machakos, anayebeba maji, maembe na abiria kwenye barabara ya vumbi na jua kali.

Magari ya umeme yanayobuniwa Afrika Mashariki si ndoto tena. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola linalotumia jua likafuata mwaka 2016. Nairobi nako kuna Roam, iliyoanza kwa jina la Opibus, inayounda pikipiki za umeme. Vijana wanaotaka kuingia kazi hii wanahitaji kujua kuchagua kabla ya kujua kununua.

Mfano tulioushika ni familia ya S32K ya kampuni ya NXP, kwa kuwa imekusanya viini vitatu vya Arm chini ya jina moja. S32K116 na S32K118 zina Cortex-M0+ inayokwenda megahezi 48. Kuanzia S32K142 hadi S32K148 kuna Cortex-M4F, ambayo jedwali la mauzo huipa megahezi 112. Kundi la S32K3 linatumia Cortex-M7, na nyingi kati ya hizo hufika megahezi 160 au zaidi. Kumbukumbu nayo inapanda: S32K116 ina kilobaiti 128 za programu, S32K144 ina 512, na S32K148 ina megabaiti 2.

Hapo kwenye 112 ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Kasi hiyo ni ya hali maalumu ya mwendo mkali. Chipu ikiwa katika hali hiyo hairuhusiwi kuandika wala kufuta kumbukumbu ya kudumu, na kitengo chake cha usiri hakiruhusiwi kufanya kazi. Lazima kwanza irudi megahezi 80. Joto la mazingira linaloruhusiwa nalo hushuka hadi nyuzi 105. Kontrola iliyofungiwa ndani ya boksi la alumini karibu na mota, huku jua la Masinga likiipiga adhuhuri, haina nafasi ya kupoteza nyuzi hizo. Anayepanga kazi apange kwa 80. Ile 112 aihesabu kama akiba, asiijengee nyumba.

Tufanye hesabu yenyewe. Mota ya pikipiki hutaka mkondo wake urekebishwe mara nyingi kila sekunde. Tuseme mara 20,000. Kila mara ina mikrosekunde 50. Kiini cha megahezi 48 kinapata mapigo 2,400 ya saa kusoma mikondo, kuigeuza kutoka awamu tatu hadi mbili, kukokotoa kosa na kutoa amri mpya. Kiini cha megahezi 80 kinapata 4,000. Tofauti hiyo peke yake haitishi. Kinachotisha ni kwamba M0+ haina maunzi ya namba zenye desimali, wala agizo la kugawanya. Kila desimali hufanywa kwa programu, na mapigo huyeyuka. Fundi hodari huandika hesabu yote kwa namba kamili zilizopimwa, na mota inazunguka vizuri. Kazi hiyo imefanywa na watu wengi na inaheshimika. Lakini humla muda, na makosa ya namba kufurika hujificha hadi siku ya mlima mkali na mzigo mzito.

M4F huondoa taabu hiyo, kwa sharti. Maunzi yake ya desimali ni ya usahihi mmoja tu, yaani biti 32. Ukiandika 0.5 katika lugha ya C bila kuweka herufi f mwishoni, kikusanyaji kinaweza kuichukua kama namba ya biti 64, na hesabu ikarudi kufanywa kwa programu. Kasi uliyoilipia inapotea kwa herufi moja. Makala ya pili humu inaonyesha namna ya kulitambua kosa hilo, na ningependa kila mwanafunzi aisome kabla ya kulaumu chipu.

M7 ni kiini kingine kabisa. Kina hatua sita za kuchakata maagizo, M4 ina tatu na M0+ ina mbili. Kinaweza kuanzisha maagizo mawili kwa pigo moja, na kina kashe. Kashe huleta kasi, na pia huleta nyakati zisizolingana: kipande kilekile cha programu huchelewa mara ya kwanza na kuwahi mara ya pili. Kitanzi cha mota kiwekwe kwenye kumbukumbu iliyofungamana moja kwa moja na kiini, la sivyo vipimo vya maabara havitaaminika barabarani.

Katika S32K3 tazama tarakimu ya pili ya namba. S32K314 ina kiini kimoja. S32K324 ina viwili vinavyofanya kazi mbalimbali. S32K344 nayo ina viwili, ila vyote hufanya kazi ileile kwa pamoja, na kilinganishi huangalia kama vimepata jibu moja. Vikitofautiana, chipu hutangaza hitilafu. Anayenunua 324 akidhani amepata ulinzi wa 344 amekosea pakubwa, maana kiini cha pili cha 324 hakimkagui mwenzake.

Hata 344 haioni kila kitu. Chukua akselereta ya pikipiki ya umeme yenye kihisi cha sumaku. Waya wake wa ardhi ukikatika, volti ya ishara inaweza kupanda, na kontrola ikasoma kwamba mwendeshaji amefungua yote. Viini vyote viwili vitakokotoa jibu moja, kwa usahihi kamili, na pikipiki itaruka. Dawa ya hapo ni ishara mbili zinazopingana, mipaka ya volti inayokaguliwa, na swichi ya breki inayokata mkondo. Hayo yote yanawezekana kwenye M4, na gharama yake ni ndogo.

Kanuni ya usalama wa vifaa vya umeme vya magari, ISO 26262, ilitoka mwaka 2011 ikihusu magari madogo ya abiria. Toleo la 2018 liliongeza sehemu ya 12 kwa ajili ya pikipiki. Ngazi za usalama huandikwa kwa herufi, na D ndiyo kali zaidi. Katika sehemu hiyo ngazi za pikipiki hushushwa hatua moja zikigeuzwa kuwa za gari: D ya pikipiki inakuwa C, na C inakuwa B. Familia ya S32K1, yenye M0+ na M4F, hulenga ngazi ya B ya gari. S32K3 yenye viini vinavyokaguana hulenga hadi D. Kwa hiyo kazi nyingi za bodaboda zinaweza kutoshelezwa na M4F. Lakini ngazi yenyewe hutokana na maswali matatu: mtu ataumia kiasi gani, hali hiyo hutokea mara ngapi, na mwendeshaji ataweza kuidhibiti? Abiria wawili wasio na kofia, magunia nyuma na mteremko wa changarawe hubadilisha majibu yote matatu. Jedwali lililojazwa kwa kuwaza barabara ya lami ya Ulaya na mpanda pikipiki mmoja halitufai hapa, na mhandisi wetu asilinakili.

Jambo moja zaidi kwa wanaopanga kuanza kidogo wakue baadaye. Maagizo ya M0+ hukubalika kwenye M4 na M7, hivyo hesabu yako itahama nawe. Vifaa vya pembeni havihami: vipima muda vinavyoendesha mota katika S32K1 si vile vya S32K3, na sehemu hiyo ya programu itaandikwa upya. Itengeni tangu siku ya kwanza.

Uamuzi wangu ni huu: M4F kwa kontrola ya mota ya bodaboda, M0+ kwa taa na dashibodi, na viini vya M7 vinavyokaguana kwa basi au gari ambalo usukani au breki zake zinategemea kompyuta. Anayepinga aniletee vipimo. Na anayeishi Ndithini, Ekalakala au Kivaa na kuendesha pikipiki kila siku, tuandikie ulivyopakia mzigo, mteremko uliokutisha, na ulichofanya breki zilipogoma. Majibu hayo tutayatumia kujaza jedwali la hatari katika toleo lijalo.