Kazi ina mpaka wake
Msimu wa pamba ukifunguliwa mkoani Simiyu, viwanda vya kuchambulia pamba hukesha vikinguruma, lakini kijana wa kata ya Lingeka aliyepata kibarua humo si mashine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka: saa za kawaida 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku. Japani ilizika wafanyakazi wengi waliouawa na kazi kabla ya kuanza, mwaka 2019, kubana saa za ziada zisizidi 45 kwa mwezi katika hali ya kawaida. Tusingoje misiba ndipo tujifunze. Wasukuma wa Simiyu ni wachapakazi mashuhuri, na bado wazee wao walilima kwa mdundo wa ngoma ya bugobogobo, kisha baada ya mavuno vikundi vya wachezaji vya Bagika na Bagalu vikashindana kwa ngoma. Walijua kwamba mwili unadai haki yake. Waajiri, andikeni saa za ziada na mzilipe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida kama sheria inavyotaka. Maafisa Kazi, kagueni viwanda sasa, wakati pamba inachambuliwa.