Kuteleza si kuanguka: barafu ya Beijing na baiskeli za Kyela

Leo naomba mniruhusu nitoke kidogo kwenye siasa. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili moja, tarehe 13 Februari 2022, na kila Olimpiki ya majira ya baridi inapotajwa linarudi upya kama homa ya mbu.

Siku ile nilikuwa nyumbani Kyela. Wanaoijua Kyela wanajua joto la mwezi wa pili lilivyo: halina adabu. Mvua inanyesha, inakatika, halafu ardhi inafuka kama sufuria ya mchele uliofunikwa. Tulikuwa tumekaa nje ya kibanda cha chipsi, mimi, binamu yangu na vijana wengine wanne hivi, tumeizunguka simu yangu iliyokuwa na bando lililobaki kidogo. Kwenye kioo walikuwa wadada waliovaa nguo za kubana mwili mzima, wameinama, mkono mmoja mgongoni, wanateleza juu ya barafu kule Beijing.

Binamu akauliza, "Sasa hawa wamedondosha nini wanachotafuta?"

Tukacheka sana. Lakini baada ya jozi mbili tatu hakuna aliyecheka tena. Tulikuwa tumeshashikwa.

Kwa ambao hamjawahi kuziangalia, mbio hizi ziko hivi. Uwanja ni duara refu la meta 400, lina njia mbili. Wanaondoka wawili wawili tu, siyo kundi kama kwenye riadha. Aliyeanza njia ya ndani anahamia ya nje, wa nje anahamia ya ndani, ili umbali uwe sawa. Wakikutana mahali pa kubadilishana, anayetoka nje ndiye mwenye haki ya kupita, wa ndani ampishe. (Nilipowaeleza hilo, kijana mmoja wa bodaboda alisema sheria hiyo ingeletwa barabara ya Kasumulu tungepona wengi.) Na mshindi si lazima awe aliyemtangulia mwenzake. Mshindi ni saa. Unaweza kumwacha uliyeondoka naye mbali kabisa na bado ukawa wa ishirini. Wanaume wakikimbia meta 500 wanapita wastani wa kilomita 50 kwa saa, kwa miguu yao wenyewe, bila injini wala mteremko.

Jioni ile aliyeshinda meta 500 za wanawake alikuwa Erin Jackson wa Marekani. Sekunde 37.04. Miho Takagi wa Japani alikuwa wa pili kwa 37.12. Tofauti ni sekunde 0.08, yaani huwezi hata kupepesa jicho. Akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata medali ya dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki ya baridi, michezo iliyoanza Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Pale kibandani palilipuka shangwe kama Yanga wamefunga. Mama muuza chipsi alitoka na kijiko mkononi kuuliza nani kafariki.

Lakini kilichonikaa rohoni si medali. Ni mambo mawili yaliyotangulia.

La kwanza: dada huyu hakustahili hata kuwa pale, ukifuata karatasi. Kwenye mchujo wa Marekani mwezi Januari aliteleza. Hakuanguka, aliteleza tu, akamaliza wa tatu wakati nafasi zilikuwa mbili. Wakati huo ndiye aliyekuwa akiongoza duniani kwa mbio hizo msimu ule. Aliyekuwa wa kwanza kwenye mchujo, Brittany Bowe, akasema nafasi yangu mpeni Erin. Baadaye Marekani ikapata nafasi ya ziada na Bowe naye akakimbia, lakini alipotoa hakuwa na uhakika huo. Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema, ila mara nyingi aliyeteleza haanguki kwa sababu kuna mtu kamshika mkono.

La pili, na hili ndilo hasa la kwetu: Jackson na Bowe wanatoka mji mmoja, Ocala, jimbo la Florida. Joey Mantia, bingwa mwingine wa barafu wa Marekani, naye katoka hapohapo. Wadau, Florida ni joto. Ocala ni mji wa mashamba ya farasi, hakuna theluji pale. Wote watatu walianza na viatu vya magurudumu, kwenye sakafu na lami, chini ya kocha mmoja. Jackson alihamia kwenye barafu akiwa mtu mzima, na alipofuzu kwa Olimpiki ya 2018 alikuwa na miezi michache tu ya mazoezi ya barafu.

Nikawaeleza wale vijana. Binamu akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe barafu siyo shida."

Kila Olimpiki ya baridi inapokuja, huwa kuna utani ule ule mitandaoni na vijiweni: Tanzania tuna Kilimanjaro, tuna theluji yetu, mbona hatupeleki mtu? Ni kweli hatujawahi kupeleka. Wakenya walipeleka. Philip Boit, mkimbiaji wa huko Eldoret, alichukuliwa na mradi wa kampuni ya viatu, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa mbao, na mwaka 1998 kule Nagano akashiriki kilomita 10. Akawa wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri pale mwisho akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi tena Olimpiki za 2002 na 2006. Mimi simcheki Boit, na anayemcheka ajaribu kwanza kusimama tu kwenye zile mbao. Lakini nauliza: tunataka hivyo? Mtu mmoja, fedha za watu wengine, mchezo ambao hakuna mtoto wa kijijini kwake atakayeurithi? Nairobi angalau walijengewa uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari mwaka 2005, na vijana wakazaliwa pale na timu ya magongo ya barafu. Sisi tukimpeleka mtu kesho, akirudi atakuwa na picha na koti zuri.

Kwa hiyo sina haja ya kuona Mtanzania kwenye barafu. Hapo najua nitapingwa. Pingeni tu.

Jiulizeni mchezo huu umetoka wapi. Waholanzi ndio wafalme wake, na hawakuugundua kwenye kamati. Nchi yao ni mifereji na maziwa. Wakati wa baridi maji yalikuwa yakiganda, na barafu ikawa ndiyo barabara ya kwenda sokoni, kanisani, kwa mchumba. Kule Friesland kuna mashindano ya kupita miji 11 juu ya barafu, karibu kilomita 200 kwa siku moja. Mara ya mwisho yalifanyika tarehe 4 Januari 1997, kwa sababu tangu hapo barafu haijaganda unene wa kutosha. Hata hivyo wao wanaendelea kuzoa medali. Njia ya sokoni iligeuzwa kuwa uwanja, uwanja ukawekewa saa, saa ikazaa mabingwa. Hata sayansi ikafuata: Amsterdam wakatengeneza kiatu chenye bawaba mbele, chuma kinabaki kwenye barafu hata kisigino kikiinuka, na pale Nagano 1998 asiyekuwa nacho alikuwa ameachwa.

Sasa njooni Kyela. Maji yetu hayagandi na hayatakaa yagande. Ukitaka kuona umande umekuwa barafu upande Kitulo mwezi wa sita, uwaachie watu wa Makete. Sisi njia yetu ya sokoni ni nini? Ni mtumbwi na baiskeli. Nenda Matema siku ya soko pale Lyulilo, uone vyungu vya akina mama wa Kikisi vinavyoletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe, milima ya Livingstone imesimama nyuma yao na ziwa limechafuka, na hakuna chungu kinachovunjika. Halafu geuka uangalie barabara. Bonde la Kyela ni tambarare kama meza. Ndiyo maana kabla bodaboda hazijajaa, kila kitu hapa kilipita juu ya baiskeli: mchele, ndizi, kakao, usipa, mgonjwa, bibi harusi. Mpaka leo bado ziko nyingi kuliko mahali popote nilipowahi kuishi.

Na hapa ndipo wenzangu mniazime masikio. Mapaja ya kuteleza kwenye barafu na mapaja ya baiskeli ni yale yale. Eric Heiden wa Marekani alichukua dhahabu zote tano za wanaume kule Lake Placid mwaka 1980, kuanzia meta 500 hadi 10,000, halafu akaenda kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa na kushiriki Tour de France ya 1986. Christa Rothenburger wa Ujerumani Mashariki alipata dhahabu ya barafu Calgary mwezi Februari 1988, na mwezi Septemba mwaka huohuo akapata fedha ya baiskeli Seoul. Clara Hughes wa Kanada alianza na shaba mbili za baiskeli Atlanta 1996, akaja kuwa bingwa wa Olimpiki wa meta 5,000 kwenye barafu mwaka 2006. Hawa siyo watu wa ajabu. Ni mguu mmoja, viatu viwili.

Binamu yangu ana mguu huo. Kwa miaka kama sita alikuwa akibeba gunia la mchele kutoka Ipinda hadi Kyela mjini, baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, asubuhi moja, jioni nyingine. Miaka yote niliyosoma, msingi na sekondari, sikuwahi kuona shuleni kwetu mwalimu au afisa yeyote akisema leo tushindanishe baiskeli, au mitumbwi. Tulishindana mpira, netiboli, na kukimbia na gunia. Gunia la kuchezea! Wakati gunia la kweli lilikuwa linapita barabarani nje ya uzio, na hakuna aliyelipima muda.

Niliwahi kumuuliza afisa mmoja, simtaji, kwa nini. Akanijibu kwamba baiskeli ni usafiri, si michezo. Mheshimiwa, na barafu ilikuwa nini?

Msiniambie mambo haya ni ya Wazungu. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Kigali, wadau, siyo Paris. Sisi medali zetu za Olimpiki ni mbili tu hadi sasa, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980, zote za riadha. Siidharau riadha. Alphonce Simbu alipoibeba dunia Tokyo Septemba 2025, marathoni nzima iliamuliwa kwa sekunde 0.03 dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani, nililia kwenye daladala. Lakini nchi yenye watu wengi hivi, yenye maziwa makubwa matatu na barabara zote hizi, inaishi kwa pafu la mkimbiaji mmoja mmoja.

Ninachokitaka ni kidogo kiasi cha aibu. Siku moja kwa mwaka, mavuno ya mpunga yakishaisha, barabara ya Matema kwenda Ipinda ifungwe saa mbili. Waondoke wawili wawili kama kwenye barafu, wavulana na wasichana, kwa baiskeli zao hizo hizo za kubebea mchele. Saa moja, daftari moja, mtu mwaminifu wa kuandika. Mitumbwi siku inayofuata, kutoka Matema hadi Ikombe na kurudi. Hakuna uwanja wa kujenga, wala mfadhili wa kumsubiri.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilimwambia binamu twende tukajaribu. Siku hizi anaendesha bodaboda na mgongo unamsumbua, lakini Phoenix bado anayo, imeegeshwa nyuma ya jiko. Tukatafuta kipande kilichonyooka baada ya Ipinda, tukahesabu nguzo za umeme, mimi nikasimama mwisho na simu. Alikuja ameinama, kifua juu ya usukani, mkono mmoja kauweka mgongoni. Mpuuzi yule, alikuwa anawaiga wale wadada wa Beijing! Katikati mnyororo ukachomoka, baiskeli ikayumba, akaenda nayo mpaka kwenye majani ya ukingoni, lakini hakuanguka. Akaupachika mnyororo kwa vidole, mikono myeusi ya grisi, akamaliza.

"Umeandika ngapi?" akaniuliza, anahema.

Nikamwonyesha. Akaangalia ile namba kwa muda.

"Futa hiyo," akasema. "Toa na muda wa mnyororo. Hapana, acha. Narudia."

Akageuza baiskeli, akarudi kwenye nguzo ya kwanza.